Mpaka Unyevu Ufike Kiwikoni

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, poleni kwa safari na poleni kwa msiba huu ambao ni wetu sote, familia imemteua mdogo wa kiume wa marehemu, ndiye huyu aliyesimama mbele yenu, awasomee maisha ya dada yake, na kabla hajaanza anaomba jambo moja tu, wale mnaomtazama mume wa marehemu kwa jicho la pembeni kwa sababu ya tope lililoganda kwenye mkono wa kulia wa shati lake jeupe, mvumilieni, hajakosa wa kumfulia wala hajachanganyikiwa, habari ya tope hilo imo humu humu na tutaifikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa kwanza kati ya watoto watano wa mwendesha mashine ya kusaga na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili iliyoegemea ukuta wa mashine yenyewe, kiasi kwamba vikombe vilitetemeka kabatini mchana kutwa, na mtoto akazoea kulala kwenye kelele na kushtuka kukiwa kimya. Kimya hicho ndicho alichokiogopa maisha yake yote, maana mashine ikinyamaza watu hawana nafaka ya kuleta, na tangu akiwa mdogo wa kufagia unga uliomwagika mlangoni aliweza kukwambia, bila kuulizwa, ni nyumba gani mwaka huu imeleta gunia na ni nyumba gani imeleta bakuli. Sisi wadogo zake tulidhani ana umbea, tukamtania kwa hilo miaka mingi, naye akatuacha tuseme.

Alianza darasa la kwanza Januari 1966 katika shule ya msingi iliyo ng'ambo ya daraja, akamaliza darasa la saba Novemba 1972, alikuwa hodari wa hesabu na mvivu wa kuimba, na mwalimu wake wa sayansi aliwahi kumtoa nje ya darasa kwa sababu aling'oa maharage ya majaribio ya wenzake, mmoja baada ya mwingine, ili aone mizizi imefika wapi. Nafasi ya sekondari haikupatikana, alilia wiki nzima, mama akamwacha alie mpaka alipochoka, kisha akampa jembe wakaenda shamba pamoja. Tunayasema haya kama yalivyokuwa kwa sababu marehemu mwenyewe hakupenda mtu ampambie maneno.

Mwezi Februari 1976 aliajiriwa katika kitalu cha miche ya miti kilichokuwa kando ya barabara kuu, kazi yake ikiwa kujaza udongo kwenye viriba, ile mifuko myeusi ya plastiki, kupanga miche kivulini, kumwagilia asubuhi na jioni na kuihamisha, na hapo ndipo alipojifunza jambo ambalo baadaye lilitulisha sote, kwamba mche uliodekezwa kitaluni hufa siku ile ile unapokutana na jua la shamba, kwa hiyo kabla ya kuuhamisha unaupunguzia maji kidogo kidogo, unauzoesha shida ungali mikononi mwako. Aliifanya kazi hiyo mpaka kitalu kilipofungwa mwezi Juni 1988, akarudi nyumbani na kopo la kumwagilia lenye mdomo uliotoboka, ambalo wenzake walimpa kama zawadi ya kuagana, na kopo hilo mpaka leo liko nyuma ya bafu.

Katika kitalu hicho hicho ndiko alikokutana na mumewe, fundi muashi, aliyeletwa mwaka 1980 kujenga tangi, naye fundi siku ya kwanza kabisa aliomba ndoo ya maji ya kuchanganyia saruji, akajibiwa na binti aliyevaa gauni la bluu kwamba asubiri, miche inywe kwanza, saruji haina kiu. Fundi alisimulia mkasa huo kwenye kila harusi aliyoalikwa, akiapa kwamba alikasirika kweli kweli, na kwamba hasira hizo ndizo zilizomfanya arudi kesho yake akiwa amenyoa ndevu. Walifunga ndoa tarehe 22 Agosti 1981, wakajaliwa watoto wanne, binti wa kwanza ambaye ni muuguzi, vijana wawili, mmoja dereva wa lori na mwingine fundi kama baba yake, na binti kitinda mimba ambaye ni mshonaji, pia marehemu ameacha wajukuu tisa, ambao wote aliwaogesha ndani ya beseni ili maji yasipotee.

Sasa tuje kwenye shamba. Mteremko huu mnaouona, kuanzia ukuta wa jiko mpaka kule chini kwenye mawe, aliurithi kutoka kwa mama mkwe wake, na enzi za mama mkwe mtu alipanda mtama wiki ya kwanza ya Novemba bila kumuuliza mtu yeyote, mvua ilikuwa inakuja kama mtu wa nyumbani. Halafu mambo yakabadilika, hatujui hasa ni mwaka gani, kila mtu ana mwaka wake, ila wote tunakumbuka jinsi mvua ilivyoanza tabia ya kubisha hodi na kuondoka kabla hujafungua mlango, mbegu inaota, jua linarudi, mche unakauka ukiwa na majani mawili, unapanda tena, unakauka tena, na mara ya tatu mtungi wa mbegu unakuwa mtupu na watoto wanakutazama usoni. Wengi walikata tamaa na kuhamia mjini, na mashine ya baba yetu, ambayo wakati huo ilishaingia mikononi mwa huyu anayewasomea, ilikaa kimya kwa miezi mizima mpaka buibui wakatanda kwenye mkanda wake.

Mwaka 2003 marehemu alifanya kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona hapa, alimwaga mbegu ya mtama kwenye kijitaro kidogo nyuma ya bafu, akaitunza kwa maji ya kusuuzia vyombo na ya kuogea, akisema kwamba kama mti unaweza kusubiri mvua kitaluni, mtama nao una haraka gani hata usisubiri. Jamani, tulicheka. Wifi yake, dada wa fundi, ambaye amekaa pale mbele na hawezi kukanusha, alipita mtaa mzima akitangaza kwamba kaka yake ameoa mwanamke anayepandikiza mtama kama mchicha, na ni yeye aliyembandika jina la Mama Kitalu, akiwa na nia ya kumkera, ila marehemu alilipenda jina lile kuliko alilopewa na wazazi, akawa haitiki ukimwita vingine.

Mwaka wa kwanza hakupata kitu, tuseme ukweli, miche ilikuwa laini kwa sababu ya huruma yake, aliimwagilia mpaka siku ya mwisho, ikalala chini shambani na haikuamka. Mwaka wa pili akakumbuka kazi yake ya zamani, akainyima maji siku kadhaa kabla ya kuing'oa, akachimba mashimo wakati wa kiangazi na kuyajaza tena udongo laini na samadi, kisha akajiwekea sharti moja ambalo hakulivunja tena, kwamba mche hautoki kitaluni mpaka umezamisha mkono wako ndani ya shimo na ukautoa na unyevu umefika kiwikoni. Ukiishia kwenye kifundo cha mkono, hiyo mvua ni ya uongo, rudi nyumbani ukapike. Ukifika katikati, vumilia. Ukifika kiwikoni, ita watu. Mwaka huo alivuna, si sana, lakini alivuna wakati majirani wanapanda mara ya tatu, na wifi yake alikuja jioni moja amejifunika kitenge mpaka puani, akaomba afundishwe, na marehemu akamfundisha bila hata kumkumbusha mchicha, jambo ambalo wifi anasema lilimuuma kuliko kama angetukanwa.

Mwaka 2006 kulitokea jambo ambalo fundi mwenyewe ametuomba tulisome, amesema tusiposoma yeye atasimama aliseme. Mwezi Desemba wa mwaka huo marehemu alisafiri kumuuguza binti yake wa kwanza aliyekuwa anajifungua, akamwachia mumewe kitalu na sharti la kiwiko, mvua ikanyesha, fundi akatoka akazamisha mkono, akautoa umelowa mpaka juu ya kiwiko, akafurahi, akaita vijana, wakapandikiza mteremko mzima kwa siku moja ili mama akirudi akute kazi imekwisha. Kumbe fundi alikuwa amepima shimo moja tu, tena lile la pembeni ya jiko ambako maji yote ya bati humwagika, yeye ni mtu wa kuta, ukishaweka pima maji mahali pamoja na tofali likakaa sawa unaendelea na safari yako, hakujua kwamba shamba si ukuta. Mvua ikakata. Marehemu alirudi na habari njema za mjukuu, akakuta mteremko wote umekuwa rangi ya karatasi ya kaki, akakaa juu ya jiwe pale chini na khanga yake ya safari, hakugomba, hakulia, aliuliza tu kama fundi ameshakula. Mwaka ule walikula mahindi ya kupewa na wifi, na fundi anasema kwamba tangu siku ile hajawahi kuuamini mkono wake tena, akawa kila mvua ikinyesha anakwenda shambani, anapima, anarudi kumwonyesha mkewe mkono ulivyolowa, na neno la mwisho linatoka kwa mkewe, hata pale ambapo mtoto mdogo angeona kwamba bado.

Baada ya hapo kazi ilienea yenyewe, nyumba kwa nyumba, kila bafu la mtaa huu likapata kitalu nyuma yake, na ulizuka ugomvi mkubwa ambao wazee mnaukumbuka, kwamba sharti ni kiwiko, sawa, lakini kiwiko cha nani, maana jirani yetu tunayemwita Mlingoti alilalamika kwamba akisubiri kiwiko chake miche itazeekea kitaluni, na mkewe, ambaye anamfikia mbavuni, angeshamaliza kupanda zamani. Marehemu alicheka mpaka akashika ukuta, akasema kila mtu apime kwa mkono wake kwenye shimo alilochimba mwenyewe, mwenye mkono mrefu si anachimba refu, wakaachana salama. Bwana shamba naye alikuja mwaka 2011, akakaa kwenye kigoda nyuma ya bafu akauliza maswali, na ni yeye aliyeshauri wakate ncha za majani kabla ya kupandikiza ili mche usipoteze maji mengi njiani, marehemu alibisha, wakajaribu pande mbili za mteremko, upande wa bwana shamba ukashinda, na marehemu akamtangaza kwa kila mtu aliyepita, yupo hapa leo, pole sana ndugu yetu.

Halafu ukaja ule msimu wa kuanzia mwishoni mwa 2016, mvua ikashuka karibu na mwaka mpya na kuondoka kabla Februari haijaisha, wiki chache mno kwa mtama uliopandwa kwa mbegu, ila mtama uliotoka kitaluni ulikuwa umeshaishi nusu ya maisha yake nyuma ya bafu, ukaiwahi mvua, ukabeba. Mdogo wake anayewasomea alisaga mwaka ule mpaka mkanda wa mashine ukakatika, akaweka mwingine, na siku moja alimwona dada yake amesimama njiani peke yake na ndoo kichwani, hasogei, akamfuata akidhani anaumwa, akamkuta anasikiliza tu ngurumo ya mashine huku machozi yanamtiririka, akamwambia mdogo wake aende zake akafanye kazi, asimwangalie kama sinema.

Ugonjwa ulianza mwezi Mei 2023, alivimba miguu na kukosa pumzi akipanda mteremko aliouzoea, akapelekwa hospitali, ikaonekana moyo umepanuka, akapewa dawa na kuambiwa apunguze chumvi na apimiwe hata maji ya kunywa, kikombe kidogo asubuhi, kidogo mchana, kidogo jioni. Binti yake muuguzi ndiye aliyekuwa anampimia, akimpa huku ameangalia pembeni, na marehemu akamtania kwamba asione aibu, hii kazi anaijua, mche unanyimwa maji ukikaribia kuhamishwa. Tulimkataza kusema hivyo, wote tulimkataza, wifi yake alitoka nje akaenda kulia kwenye bomba, lakini yeye alikuwa amekwisha kuielewa hali yake, akaendelea kutabasamu.

Mwaka huu hakuweza tena kutoka nje, ila mwezi Oktoba aliagiza kitalu kimwagwe mbegu nyingi kuliko miaka yote, na kitanda chake kikasogezwa dirishani ili akione, kwa sababu kulikuwa na habari kwamba nyumba nyingi za upande wa bondeni zimepoteza mbegu kwa wadudu, na alisema hao wote watakula kutoka hapa. Novemba nzima mvua haikuja. Miche ikakua, ikaanza kubadilika rangi kwenye ncha, ikanyimwa maji, ikarudishiwa, ikanyimwa tena, na kila mtu aliyefika kumjulia hali alitazama kwanza kitandani, kisha dirishani. Tarehe 5 Desemba ikanyesha kidogo, fundi akatoka kupima, akarudi chumbani na mkono umelowa kwenye kifundo tu, marehemu akatikisa kichwa. Jumapili ikanyesha tena, unyevu ukafika katikati ya mkono, marehemu akaushika mkono wa mumewe, akapitisha kidole pale tope lilipoishia, akamwambia avumilie, kisha akamwambia jambo lingine, kwamba safari ijayo apime mwenyewe na aamue mwenyewe, asije kumwonyesha mtu. Fundi alikataa. Alisema hawezi, alisema yeye ni mtu wa kuta.

Marehemu alifariki Jumanne tarehe 9 Desemba 2025, saa kumi alasiri, nyumbani kwake, mumewe akiwa amemshika mkono na binti zake wote wawili wakiwepo, na mbingu zilikuwa zimefunga tangu mchana lakini hazijadondosha hata tone. Mvua ilianza wakati wanawake wanamvalisha. Imenyesha Jumatano, imenyesha Alhamisi, nyote mlioko hapa mmelowa nayo, na katika siku zote hizo hakuna aliyethubutu kutaja miche, kwa sababu nani angeanza kuzungumzia mtama mbele ya mtu aliyefiwa.

Leo asubuhi, wakati mahema yanafungwa, fundi alivaa shati jeupe alilonunuliwa na marehemu, akatoka peke yake akashuka mteremko, akapiga magoti kwenye shimo la kwanza, akainuka akaenda la pili, akaenda juu, akaenda chini kwenye mawe, akaenda mpaka kwenye kile kipande kigumu ambacho huwa kinalowa mwisho kabisa, tulimwona kutoka hapa na hatukujua tumwite au tumwache. Aliporudi alipita katikati yetu, akaingia chumbani alipolazwa mkewe, akasimama pale na mkono wake ameunyoosha, kama alivyozoea kufanya miaka yote hiyo, akangoja. Alingoja muda mrefu. Dada yake alimfuata na beseni la maji na shati lingine, akakataa vyote viwili, akatugeukia sisi tuliokuwa mlangoni, akatuambia kwa sauti ambayo hatujawahi kuisikia kwake kwamba tukimaliza kuzika tuite watu, miche inatoka leo.

Kwa hiyo familia inatoa shukrani, tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miaka miwili na zaidi bila kumchoka, tunawashukuru majirani mliopika, mliochota maji na mliolala nasi, wafanyakazi wenzake wa zamani wa kitaluni mliotoka mbali, bwana shamba, mafundi wenzake na mume wa marehemu waliojenga kaburi kwenye mvua, na wifi wa marehemu ambaye mpaka dakika hii hajala. Mashine ya kusaga tumeizima leo kwa heshima ya marehemu, na mdogo wake anajua fika kwamba kama angekuwa hai angemgombeza kwa hilo, itawashwa kesho alfajiri. Na badala ya kuondoka moja kwa moja kutoka makaburini, tunawaomba mpite nyuma ya bafu, kila nyumba ichukue miche yake, wa bondeni watangulie, msijali viatu, vya kung'aa vitaoshwa na mvua, na fundi atakuwepo pale kumwonyesha asiyejua namna ya kukata ncha za majani.

Dada, hukutaka upambiwe maneno, basi tunakupa habari kama ilivyo. Mumeo amepima mwenyewe, tena kila mahali, na ameamua mwenyewe. Pumzika kwa amani, Mama Kitalu, unyevu umefika kiwikoni.